Sura ya Nne: Njia Tatu za Kuingia Juba

Meli ya mvuke iliyotoka Kosti ikipanda Nile Nyeupe ilipita Malakal, ikapenya mabwawa ya Sudd ambako mafunjo yamejaa hadi upeo wa macho, ikaiacha Bor nyuma, na mwishowe ikatia nanga Juba. Safari ilikwisha hapo. Maji yakiwa mengi meli iliweza kusogea hadi Rejaf jirani, lakini kusini zaidi mto haukubali chombo: unateremka kwa kishindo juu ya mawe ya Bedden na ya Fula, na mizigo ya kwenda Uganda au Kongo lazima ishushwe, ihesabiwe, ipakiwe kwenye gari. Mahali mizigo inaposhushwa hapakosi bohari, wapagazi, wauza chai, afisa wa ushuru na askari wa kuwalinda wote hao. Juba ilizaliwa hivyo.

Wanaoandika historia ya vita vya mji huu huanza na majina ya majenerali. Sura hii itaanza na njia zake. Juba ina njia tatu za kuingilia: mto kutoka kaskazini, barabara kutoka Uganda, Kongo na Kenya, na anga. Katika miaka themanini na zaidi, mkazi wa kawaida hakutofautisha vita na amani kwa kumtazama aliyekaa ikulu. Alitazama ni njia ipi iliyo wazi, nani ameishika, na anatoza nini. Tukiifuata mizigo, tutaelewa kwa nini mji huohuo ulineemeka katika vita vikuu vya dunia na ukakaribia kufa kwa njaa katika vita vya nyumbani.

Kabla ya Juba

Nchi hii ni ya Wabari, na kijiji chao cha Juba kilikuwapo kabla ya mji. Wageni walipendelea kwanza ng'ambo ya mto. Huko Gondokoro, Februari 1863, wavumbuzi Speke na Grant walitokea kusini wakiwa hoi na kukutana na Samuel Baker aliyekuwa akipanda mto. Mwaka 1871 Baker alirudi akiwa na bendera ya Misri na jeshi. Biashara iliyopita hapo zamani zile ilikuwa pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, na vituo vyote vya ukingo huo vilikuwa ngome kabla ya kuwa masoko. Rejaf ilikuwa ya wafuasi wa Mahdi hadi Februari 1897, jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, lilipoitwaa kutoka upande wa Kongo. Baada ya Leopold kufariki mwaka 1909, eneo hilo, lililoitwa Lado, lilirudishwa kwa Waingereza waliokuwa wakiitawala Sudan.

Makao ya jimbo yalikuwa Mongalla, kaskazini kidogo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walipoamua kuyahamishia Juba. Ukingo wa magharibi ulifaa zaidi kwa barabara za Kongo na Uganda, na ardhi yake ilikuwa imara. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga maduka ya mawe, baadhi yake yamesimama hadi leo. Wachuuzi kutoka kaskazini wakapata mtaa wao. Askari wastaafu na watu waliokatika na makabila yao kwa sababu ya jeshi au utumwa wakakaa Malakia, na huko Kiarabu cha Juba kikawa lugha ya nyumbani na sokoni. Shirika la reli na meli la Sudan likafungua hoteli kwa wasafiri waliokuwa wakibadilisha chombo. Ulikuwa mji mdogo mno: hata sensa ya mwaka 1956 iliukuta na watu wapatao 10,000 tu.

Ndege zilizotua majini

Njia ya tatu ilifunguka katika miaka ya 1930. Kampuni ya Imperial Airways ilianza mwaka 1931 kuruka kutoka Uingereza hadi Mwanza kwa kufuata bonde la Nile, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town. Juba ikawa moja ya vituo. Abiria aliyelala Khartoum aliweza kula chakula cha kesho yake Juba na kuendelea hadi ziwa Victoria, safari ambayo kwa meli na gari ingemchukua wiki kadhaa.

Njia hiyo ilitegemea macho ya rubani kuliko vyombo vyake. Tarehe 14 Machi 1939, ndege ya majini iliyoitwa Corsair iliondoka Port Bell, Uganda, ikielekea Juba. Kifaa cha kutafutia mwelekeo kiliipotosha, Nile ikakosekana, na mafuta yakaanza kwisha. Rubani akaona mto mwembamba, akashuka. Ulikuwa mto Dungu karibu na Faradje, ndani ya Kongo ya Wabelgiji, na ndege ikapasuliwa na jiwe. Abiria walinusurika. Kuitoa ndege ndiko kulikokuwa kazi: mafundi waliletwa, barabara ikakatwa porini, jaribio la kwanza la kuruka likaivunja tena, hadi wenyeji na mafundi wakajenga bwawa ili maji yapande. Iliondoka Januari 1940, miezi kumi baadaye. Vita vilikuwa vimeshaanza Ulaya, na ndege za aina hiyo zilikuwa chache kiasi kwamba hapakuwa na anasa ya kuitupa hata moja.

Miezi mitano baadaye vita vilifika mlangoni. Italia, ambayo ilikuwa imeishika Ethiopia tangu 1936, iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Ghafla Juba ilikuwa nyuma ya mstari wa mapigano. Bahari ya Kati ilifungika kwa meli nyingi za Waingereza, na jeshi lao la Misri likategemea kile kilichozunguka Afrika au kilichoikata katikati. Kikosi cha Ikweta cha Jeshi la Ulinzi la Sudan, ambacho makao yake yalikuwa Torit, kilipewa kulinda mpaka. Askari wake walikuwa vijana wa kusini. Jina la kikosi hicho litarudi baadaye kwa sababu nyingine.

Kisha wakaja Wakongo. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imesalimu amri mbele ya Wajerumani mwishoni mwa Mei 1940, lakini gavana mkuu wa Kongo, Pierre Ryckmans, aliiweka koloni upande wa Waingereza. Mwanzoni mwa 1941 askari wa Force Publique walikusanywa kaskazini-mashariki mwa Kongo, wakapakiwa kwenye malori kupitia Aba hadi Juba, na hapo wakahamia kwenye meli na matishari ya Nile kuelekea Malakal na mpaka wa Ethiopia. Askari waliotoka misitu ya Uele na pande za Ituri, wenye Lingala na Kiswahili midomoni, waliteremka mto ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia. Machi waliitwaa Asosa, kisha Gambela. Walikwama miezi kadhaa milimani huku kuhara, beriberi na ukosefu wa chakula vikiwapunguza zaidi ya risasi. Tarehe 3 Julai 1941, jenerali wa Kiitaliano Pietro Gazzera alijisalimisha huko Saio kwa Jenerali Gilliaert wa Force Publique. Ushindi ule, unaokumbukwa kwa mnara na maandishi Kongo, ulilishwa kwa sehemu kubwa kupitia bandari ya Juba.

Mwaka 1942, majeshi ya Rommel, jenerali wa Kijerumani, yalipoikaribia Misri, mji ulipewa kazi kubwa zaidi. Waingereza na Wabelgiji waliendesha njia ya akiba iliyokata bara zima: mizigo ishuke Matadi kwenye pwani ya Atlantiki, ipande mto Kongo, ihamie reli nyembamba kutoka Aketi hadi Mungbere, ibebwe na malori hadi Juba, iteremke Nile hadi Kosti, na hapo iingie reli ya Khartoum. Kila kituo kilimaanisha kupakua na kupakia upya, na mikono iliyofanya hivyo Juba ilikuwa ya Wabari na majirani zao. Fedha zilizunguka, barabara zilitengenezwa, uwanja wa ndege ukaimarishwa.

Vita hivyo havikuuliza mtu wa Juba anamuunga mkono nani. Vilimtaka abebe, apike, afagie, na vikamlipa kidogo. Vilipokwisha, mji ulibaki na vitu viwili: njia bora kuliko awali, na jeshi la wenyeji lililojua kutumia bunduki.

Bunduki za Torit

Tarehe 12 na 13 Juni 1947, Waingereza waliita mkutano Juba chini ya James Robertson, katibu mkuu wa utawala, kuzungumzia kama kusini iungane na kaskazini katika Sudan moja. Machifu na makarani wa kusini walieleza wasiwasi wao. Uamuzi wa kuunganisha ukaendelea. Miaka minane baadaye, miezi michache kabla ya uhuru, nafasi karibu zote za juu serikalini na jeshini kusini zilikuwa zimejazwa watu wa kaskazini. Tarehe 18 Agosti 1955, askari wa Kikosi cha Ikweta waliamriwa waondoke Torit kwenda kaskazini. Waliasi. Ni kikosi kilekile kilicholinda mpaka dhidi ya Waitaliano.

Maasi yalizimwa, lakini waliokimbilia porini na Uganda na bunduki zao wakawa mbegu ya Anya-Nya, vuguvugu lililopigana vita vya kwanza vya Sudan Kusini hadi 1972. Juba ikageuka ngome ya serikali ndani ya nchi iliyoasi. Barabara zilezile zilizojengwa kwa ajili ya malori ya Kongo sasa zilipitisha misafara ya kijeshi, na nje ya lami chache za mjini ulikuwa ulimwengu mwingine.

Ubaya wa kuishi ndani ya ngome ulionekana usiku wa tarehe 8 Julai 1965. Ugomvi uliomhusisha mwanajeshi ulitosha kuwatoa askari kambini. Walizichoma nyumba za nyasi mtaa baada ya mtaa na kuwapiga risasi waliotoka wakikimbia moto. Watu walijificha hospitalini, kanisani na mtoni. Idadi iliyotajwa na viongozi wa kusini inazidi watu 1,000. Siku tatu baadaye askari wa mji wa Wau walishambulia sherehe ya harusi. Katika wiki moja hiyo, watu wenye elimu, makarani, walimu na wauguzi, waliinuka na kuondoka. Wengine walikwenda Kampala na Nairobi, wengine msituni. Mji uliobaki ulikuwa wa askari na wa wale wasio na pa kwenda.

Amani ilikuja kwa Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, na Juba ikawa makao ya serikali ya eneo zima la kusini. Miaka kumi na moja iliyofuata ndiyo wazee wa Juba wanayoitumia kupima miaka mingine yote. Daraja la chuma liliwekwa juu ya Nile katika miaka ya 1970 na kwa mara ya kwanza gari liliweza kuvuka kwenda Torit au Nimule bila kungoja kivuko. Kituo cha utamaduni cha Nyakuron kilijengwa. Chuo Kikuu cha Juba kilifunguliwa 1977. Bia, sukari na sabuni zilipanda kutoka Kenya na Uganda, mtama na saruji zikateremshwa bandarini kutoka kaskazini. Idadi ya watu ilifika 84,000 hivi katika sensa ya 1983. Njia zote tatu zilikuwa wazi kwa wakati mmoja. Haijatokea mara nyingi.

Mji wa watu laki tatu

Mei 1983 askari wa Bor waliasi, na Juni Rais Nimeiri akaufuta mkataba. John Garang akaunda jeshi la waasi la SPLA, na vita vya pili vikaanza. Mwanzoni vilikuwa mbali na Juba. Kisha njia zikaanza kufungwa moja moja.

Anga ilitikiswa kwanza. Agosti 1986 ndege ya abiria ya Sudan Airways ilidunguliwa ikitoka Malakal, watu 60 wakafa, na marubani wa kiraia wakawa na kila sababu ya kuogopa. Barabara zikafuata. Kapoeta ilianguka 1988. Torit Februari 1989. Nimule na Bor katika miezi iliyofuata. Barabara ya mashariki, ya kusini na ya kaskazini zote zikawa mikononi mwa SPLA. Mto ulibaki wazi kwa jina tu, maana matishari kutoka Kosti yalihitaji ulinzi wa jeshi na wiki nyingi majini, na kila ukingo ungeweza kuwa na bunduki.

Kadiri njia zilivyozibwa ndivyo watu walivyozidi. Vijiji vya Ikweta vilivyochomwa na upande huu au ule viliwasukuma wakazi wake mjini, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 inakadiriwa watu 300,000 walikuwa wamefungiwa Juba. Mji ulioumbwa kwa kupitisha chakula cha wengine sasa ulilazimika kulisha watu zaidi ya mara tatu ya wale wa sensa ya 1983, ilhali hapakuwa na kinachopita.

Kuzingirwa kulikuwa na pete mbili. Ya nje ilikuwa ya SPLA, iliyorusha makombora mjini mara kwa mara na kuvisogeza vita karibu na uwanja wa ndege. Ya ndani ilikuwa ya jeshi la serikali, lililotega mabomu ya ardhini kuuzunguka mji na kumkataza raia kuvuka mpaka wake bila ruhusa. Aliyetoka kutafuta kuni, nyasi za kuezeka au majani ya mwituni aliweza kukanyaga bomu, kudhaniwa mpelelezi wa waasi akirudi, au kudhaniwa mpelelezi wa serikali akikutana na waasi. Mlima Jebel Kujur, unaoonekana kutoka kila mtaa, ulikuwa karibu kwa macho na mbali kwa miguu.

Watu walilima kila kipande cha udongo ndani ya pete: mlenda kando ya kisima, mahindi nyuma ya jiko, mboga kwenye ukingo wa mto maji yalipopungua. Samaki walisaidia. Kilichobaki kilitoka angani. Mashirika yaliyofanya kazi mjini yaliungana katika kamati moja ya ugawaji, CART, na makanisa, Katoliki na ya Kiprotestanti, yalibeba sehemu kubwa ya kazi kwa kuwa orodha zao za waumini ndizo zilizokuwa rejista pekee ambayo watu waliiamini. Aliyesimama mbele ya Wakatoliki alikuwa Askofu Mkuu Paulino Lukudu Loro, aliyeteuliwa mwaka uleule vita vilipoanza, 1983, na kubaki madarakani hadi 2019. Taasisi nyingine hazikuwa na uwezo huo wa kukaa: Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa Khartoum, na wanafunzi wa kusini wakasomea kaskazini katika chuo kilichobeba jina la mji wasioweza kuufikia.

Aprili 1989 Umoja wa Mataifa, serikali na SPLA walikubaliana juu ya Operation Lifeline Sudan, mpango wa kupeleka misaada kwa raia wa pande zote mbili za vita. Lilikuwa jambo jipya duniani: serikali kuridhia chakula kiende kwa watu walio chini ya waasi, na waasi kuridhia kiingie katika miji wanayoizingira. Juba ilifaidika, lakini mpango ulifuata kanuni ya zamani ya mji. Kila ndege na kila tishari lilijadiliwa. Khartoum ilidai chakula cha upande wa pili kinawalisha waasi. SPLA ilidai matishari ya kwenda Juba yanaficha wanajeshi na risasi. Wote wawili walikuwa na sababu za kushuku, na wakati wakishuku, bei ya kopo la mtama sokoni Konyo Konyo ilipanda. Aliyekuwa na jamaa jeshini alikula kabla ya asiye naye, kwa sababu ndege za kijeshi zilibeba pia bidhaa za biashara.

Usiku wa tarehe 6 Juni

Mwaka 1992 ulianza vibaya kwa SPLA. Mengistu, mfadhili wake mkuu, alikuwa ameanguka Ethiopia Mei 1991. Agosti mwaka huo makamanda wake Riek Machar na Lam Akol walijitenga, na wapiganaji wa kusini wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Serikali ikatumia kiangazi kutwaa tena miji: Pochalla Machi, Bor Aprili, Kapoeta Mei. Torit ilikuwa inafuata. Garang alihitaji kupiga mahali ambapo pigo lingesikika, na hapakuwa pengine ila Juba.

Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Juni, wapiganaji wa SPLA walipenya mjini na kufika makao makuu ya kamandi ya kusini. Hawakuingia peke yao. Watu wa kusini waliovaa sare za serikali, wanajeshi, polisi, askari wa magereza na wa wanyamapori, baadhi yao waliwafungulia njia au kujiunga nao. Mapigano yalipita ndani ya mitaa, wakazi wakiwa chini ya vitanda bila kujua asubuhi watamkuta nani. Asubuhi waliwakuta askari wa serikali. Tarehe 6 Julai SPLA ilijaribu tena, ikafika karibu, ikarudishwa. Siku chache baadaye ilipoteza Torit yenyewe.

Kisasi kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko mashambulizi. Wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba. Mamia ya watu walikamatwa, wengi wao watumishi wa serikali ya kusini, na wengi hawakuonekana tena. Kituo cha ujasusi wa kijeshi kilichoitwa Nyumba Nyeupe kikawa jina la kutajwa kwa sauti ya chini. Baadhi ya mitaa ya pembezoni ambako waasi walipita ilibomolewa, na wakazi wake wakasukumwa ndani zaidi ya mji uliokwisha kujaa. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wafanyakazi wenyeji wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Khartoum ilitangaza kwamba walihukumiwa kwa uhaini. Desemba 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani ukiukaji wa haki za binadamu nchini Sudan, na mwaka uliofuata mjumbe maalumu, Gáspár Bíró, akateuliwa kuchunguza. Familia nyingi za Juba bado hazina kaburi la kuonyesha.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini SPLA haikuuteka mji uliokuwa umezungukwa kiasi hicho. Jibu moja ni silaha na mgawanyiko wa 1991. Jibu jingine liko kwenye njia. Waasi walizishika barabara na kuutishia mto, lakini uwanja wa ndege haukuwahi kuwa wao. Mradi ndege za mizigo zilitua, jeshi lilipata risasi na unga, na jeshi lenye vitu hivyo viwili hukaa. Raia walibaki wamenaswa kati ya upande ulioweza kuwafungia na upande ulioweza kuwazuia kuondoka. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 12, hadi mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

Barabara ya kilomita 192

Garang aliapishwa makamu wa rais Khartoum Julai 2005, akafa katika ajali ya helikopta kabla mwezi haujaisha, na akazikwa Juba tarehe 6 Agosti. Mji ambao hakuweza kuuteka ukamzika kwa heshima za kiongozi wa nchi ambayo ilikuwa bado haijazaliwa.

Wategua mabomu walitangulia, malori yakafuata. Wafanyabiashara wa Uganda, Kenya na Ethiopia walimiminika. Benki ya KCB ilifungua milango 2006. Wakimbizi waliokulia Kakuma, Gulu, Kampala na Nairobi walirudi na Kiswahili chao, na Konyo Konyo ikawa soko ambalo dereva kutoka Mombasa anaweza kununua na kugombana bila mkalimani. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, iliwekwa lami kwa fedha za Marekani na kufunguliwa 2012. Ilikuwa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini. Nyanya, unga, vitunguu, saruji na petroli vyote vikapanda juu yake. Mto ukasahaulika kidogo. Juba ilikuwa imejifunga kwenye njia moja.

Udhaifu huo ulijitokeza upesi. Tarehe 15 Desemba 2013 wanajeshi wa Rais Salva Kiir na wale waliomuunga mkono Riek Machar walianza kupigana mjini, Wanuer, watu wa kabila la Machar, wakawindwa mitaani, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kambi za Umoja wa Mataifa. Julai 2016 vita vilirudi kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 300 walikufa. Upande wa Jebel, ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliporwa tani zaidi ya 4,500 za chakula, kiasi cha kulisha watu 220,000 kwa mwezi. Uganda ilituma msafara wa kijeshi kupitia Nimule kuwatoa raia wake, na malori ya chakula yaliyokuwa yakisubiri mpakani yakageuza.

Mkataba mwingine ulisainiwa Addis Ababa Septemba 2018. Majadiliano yake yalihusu nani awe makamu wa rais wa ngapi, majimbo yawe mangapi, na askari wa pande zote waunganishwe lini. Kuhusu barabara ulisema machache. Agosti 2021, baada ya madereva wenzao kuuawa njiani, madereva wa malori waligoma Elegu, upande wa Uganda wa mpaka, wakadai ulinzi kabla ya kuendelea. Hakuna kundi lililotangaza vita siku hiyo. Hakuna mji uliotekwa. Lakini Juba ilijua kinachoendelea kwa namna ambayo imeijua tangu siku za matishari: kwa bei.

Ndiyo maana hoja ya sura hii inawahusu watunga mikataba zaidi ya wanahistoria. Wanaogawana vyeo hupeana mji ambao hauwezi kujilisha, kisha hushangaa unapowaka. Wakazi wa Juba wana kipimo chao cha amani, na ni kigumu kuliko cha wanadiplomasia: lori lililotoka Mombasa lifike kwa wakati, dereva akiwa hai, bila kusimamishwa na mtu mwenye bunduki anayedai ada. Mkataba wowote usioweza kupita mtihani huo ni mapumziko kati ya kuzingirwa mara moja na nyingine.